Maji ya Dhahabu na Maziwa ya Mgeta

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani. Nimeitundika sebuleni kwangu Mafiga, na kila nikiitazama najiuliza mlikuwa na maana gani kumpa saa mtu ambaye hana tena mahali pa kuchelewa. Mkaniomba pia niwaandikie kazi ilivyokuwa enzi zetu, ninyi wadogo zangu mjifunze. Haya, naandika. Vyeo sitavisema, maana vilikuwa vichache na vyote vilichelewa. Mshahara nao nauacha, tusije tukalia wote. Nitawaambia habari za maziwa, dhahabu na mwanga, na za mwanamke mmoja wa Mgeta aliyeitwa mchafu na mashine.

Nilianza kazi kwenye maabara ya chakula nikiwa msichana mwembamba, jambo ambalo wengi wenu hamtaliamini. Aliyenipokea ni Mzee Mrisho, fundi wa maabara, Mluguru wa Kinole, mrefu, ndani ya koti jeupe ambalo weupe wake ulibaki kwenye kumbukumbu za waliolishona. Vyeti vyangu hakuvitazama. Nilipomwamkia, aliitikia marahaba huku tayari ananivuta mkono kwenda kwenye friji. Akaifungua, akanionyesha kuku mzima wa kukaanga, kalala kwenye sahani kama mgeni rasmi.

"Unamwona huyu?"

"Namwona, mzee."

"Wenzake wametapisha harusi nzima kule Dumila. Walikuja hapa kuku wawili. Mmoja aliliwa na kijana aliyekuwa kwenye nafasi yako. Kwa hiyo sheria ya kwanza, binti yangu, usile sampuli. Sheria ya pili, ukiila, usije kwangu kuomba ruhusa ya kuumwa."

Nilimuuliza yule kijana yuko wapi. Akasema yuko Idara ya Maji, huko hakuna cha kutafuna.

Mzee Mrisho ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kwanza kunusa, maana alisema pua ni mashine isiyohitaji umeme wala vipuri. Halafu akanifundisha kuotesha. Unachukua tone la mchuzi au la maziwa, unalipaka kwenye sahani ndogo yenye chakula cha vijidudu, kitu laini kinachotikisika kama jeli, unaifungia kwenye kabati la joto, unasubiri. Kama kuna vijidudu vibaya, vinaota madoa, kila aina na rangi yake na harufu yake. Mzee alikuwa akiyatazama madoa yale kwa mapenzi kama mtu anayetazama mchicha wake. Tabu ilikuwa moja tu, kusubiri. Mtu akileta pilau Ijumaa anapata jibu wiki inayofuata, na wakati huo walaji wake walishapata jibu lao wenyewe, tena chooni.

Kisha likaja soko huria. Zamani maziwa ya mjini yalitoka kiwanda kimoja cha umma, ukikosa umekosa, unakunywa chai ya rangi unashukuru Mungu. Ghafla kila mtu akawa mfanyabiashara. Maziwa yakaja kwa baiskeli, ndani ya madumu ambayo jana yake yalikuwa na mafuta ya taa. Zikaja soseji, aiskrimu za uani na mtindi wa kwenye mifuko ya nailoni. Karani wetu wa mapokezi aliuza maandazi kutoka kwenye droo ya mafaili, na mafaili ya miaka ile mpaka leo yananukia iliki. Sampuli zikajaa hadi koridoni. Wafanyabiashara wapya hawakuwa na subira ya sahani za Mzee Mrisho. Walitaka jibu kabla dereva hajazima gari.

Hapo ndipo alipotufikia Daktari Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, katoka masomoni Ulaya na shahada kubwa, koti zito lisilofaa mji wetu, na chupa ndogo aliyoiviringisha ndani ya soksi tatu. Mnajua Waluguru na Wanyamwezi ni watani. Mzee Mrisho hakungoja hata mgeni akae.

"Babu zenu walipita hapa wamebeba mizigo ya watu kichwani," akamwambia. "Wewe umebeba wa nani?"

"Nimebeba wangu," Daktari akajibu. "Nimepita kuangalia kama mtani wangu ameshajifunza kuvaa viatu."

Mzee akatazama ndala zake, akacheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo kila mmoja alimzika mwenzake asubuhi na kumfufua saa ya chai.

Ndani ya ile chupa mlikuwa na dhahabu. Vijana, tulieni, haikuwa ya kuvaa. Dhahabu ikitengenezwa kuwa chembe ndogo sana, ndogo kiasi kwamba hadubini yetu bora haikuziona, inaacha kabisa kuwa ya njano. Ukiziweka kwenye maji zinakuwa nyekundu, wekundu ule wa juisi ya rozela. Zikiwa zimetawanyika, kila moja na njia yake, maji ni mekundu. Zikisongamana, yanageuka zambarau, halafu buluu. Daktari alizivika chembe zile kinga iliyotolewa kwenye damu ya sungura, kinga inayokitambua kijidudu kibaya na kukishika kisitoke. Kijidudu kikiwepo kwenye chakula, chembe zinakivamia kwa wingi, zinabanana, na rangi inabadilika palepale. Kisipokuwepo, nyekundu inabaki nyekundu. Jibu unalipata chai haijapoa.

Kwa kuwa jicho la mtu huona linachopenda, Daktari alitaka mwanga ndio useme. Pesa za mashine ya Ulaya hazikuwepo, basi tukaenda kwa fundi redio mjini. Alitutengenezea kisanduku ndani ya redio ya mbao iliyokufa. Balbu ya tochi ilimulika kupitia karatasi ya pipi ya kijani, mwanga ukapita kwenye kichupa chenye dhahabu na sampuli, ukaangukia kile kipande cheusi cha kalkuleta kinachokula jua. Mbele kulikuwa na mshale uleule wa redio. Ukilala kushoto, chakula salama. Ukilala kulia, hatari. Mtu akifungua mlango mshale ulirukaruka, kwa hiyo tulifanya kazi tumefunga mapazia, tunatokwa jasho gizani kama wapika gongo.

"Kwa hiyo," Mzee Mrisho akasema siku ya kwanza, "tumefika mahali tunaiuliza redio kama maziwa yamechacha."

Habari kwamba maabara ina dhahabu ilifika sokoni kabla ya saa sita. Akaja bwana mmoja wa Matombo, kule kunakochimbwa rubi, na mizani ndogo mfukoni mwa shati. Alitaka kuona mzigo. Daktari, kwa ukarimu wa msomi, akamwonyesha kichupa. Yule bwana akakigeuza, akakinusa, akakirudisha taratibu mezani.

"Daktari," akasema, "nimedhulumiwa na watu wengi kwenye biashara hii. Lakini hakuna aliyewahi kunionyesha juisi."

Akaondoka amekasirika. Mlinzi wetu naye, kwa kuwa sasa analinda dhahabu, aliomba bunduki. Alipewa filimbi.

Sasa nije kwa Mama Bibiana. Huyu alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa Mgeta, huko juu milimani, wafugaji wa mbuzi wa maziwa. Mama wa makamo, mfupi, mpana, Mkatoliki wa kusali kabla ya kufungua hata barua. Wenzake na yeye walilima kabichi na njegere kwenye miteremko ambayo mtu wa mjini angeipanda kwa kamba, na wanunuzi wa soko huria walikuja na malori wakajipangia bei wenyewe. Tegemeo lililobaki ni mbuzi. Mjini Bwana Hemedi alikuwa amefungua duka lenye mafriji ya milango ya kioo, na alikuwa tayari kuchukua maziwa yao yote na mtindi, maana futari ilikuwa inakaribia. Sharti lake lilikuwa moja, maabara ithibitishe kwamba ni salama kabla Ramadhani haijaandama. La sivyo angeagiza ya unga kutoka Dar.

"Tukilikosa duka hili, mwanangu," Mama Bibiana aliniambia siku ya kwanza, "mbuzi wanakwenda bucha. Wote. Hatuna majani ya kuwalishia mapenzi."

Alikuwa ameshuka na lori la kabichi, chupa za sampuli kazifunga kwenye kanga na kuzipakata njia nzima. Nilichukua maziwa, nikayazimua kwa maji safi ya maabara mpaka yakabaki kama ukungu, nikatia tone kwenye dhahabu. Wekundu ukatetereka. Ukawa zambarau, na mbele ya macho yetu ukaingia buluu. Mshale ukaenda kulia.

Mama Bibiana akafanya ishara ya msalaba, akapiga kigelegele ambacho mlinzi alikijibu kwa filimbi.

"Rangi ya Mama Maria!" akasema. "Tumeshinda!"

Daktari akaja mbio kutoka ofisini. "Hapana, mama. Buluu ni hatari."

"Na nyekundu?"

"Nyekundu ni salama."

Mama Bibiana akamtazama muda mrefu, kwa huruma. "Nyekundu ndiyo salama," akarudia. "Hata lile fuvu jekundu kwenye nguzo za umeme?"

Mzee Mrisho alitoka nje kwenda kucheka. Daktari alieleza na kueleza, na mwishowe yule mama akaelewa kwamba kigelegele chake kilikuwa cha msiba. Daktari akamwambia waende wakaongeze usafi, hasa mikono. Aliposikia neno mikono aliitazama yake, akaificha ndani ya kanga. Kule milimani unaweza kumwita mtu mbishi, mchoyo, hata mchawi, na kesho mkasalimiana. Mchafu humwiti.

Maziwa yale Mzee Mrisho aliyaotesha pia kwenye sahani zake. Siku zilipotimia hakikuota kitu. Sahani safi, kavu, kama uso wa mdaiwa. Nikampelekea Daktari, nikamwambia vitu hivi viwili vinapingana, tusimhukumu mtu. Akasema sahani zinaona tu vijidudu vinavyopenda jeli ya Mzee Mrisho, dhahabu inaona zaidi. Mzee akasema dhahabu inaona zaidi kwa sababu imelelewa Ulaya. Mambo yakaishia kwenye utani, kama ilivyokuwa kawaida ya jengo lile, na mimi moyo haukutulia.

Mama Bibiana alirudi mara ya pili mikono imechubuka kwa kusugua. Walikuwa wakitumia sabuni, halafu majivu, halafu sabuni tena. Nikapima. Buluu ilikuja haraka kuliko mara ya kwanza.

"Basi ni Kolumba," akasema kwa sauti ya chini.

"Kolumba ni nani, mama?"

"Wifi yangu. Mke wa kaka yangu. Anavuta ugoro puani, huku anakamua. Watu walisema siku nyingi, mimi nikamtetea." Akakunja kanga yake. "Nitamtoa kwenye kikundi. Sina la kufanya."

Akamtoa, mbele ya watu wote, baada ya misa. Kolumba alikuwa miongoni mwa walioanzisha kikundi na ndiye aliyemfundisha Mama Bibiana kukamua mbuzi. Nilisimuliwa kwamba alichukua ndoo yake akaenda zake.

Mara ya tatu maziwa ya Kolumba hayakuwemo. Nikatia tone, na dhahabu ikawa karibu nyeusi. Mshale ulikwenda kulia mpaka ukagonga ubao. Mama Bibiana alikaa kwenye benchi la wateja, katikati ya muuza soseji na muuza aiskrimu, akajifunika uso kwa kanga akalia kimya kimya. Niliumia sana. Ramadhani ilikuwa imebakiza wiki chache, na Bwana Hemedi alikuwa ameshauliza bei ya maziwa ya unga.

Jioni nikamwambia Mzee Mrisho, "Mzee, wamesugua, yamezidi. Wamemtoa mwenye ugoro, yamezidi zaidi. Kuna nini?"

Akawaza huku anaosha sahani zake. "Ukiona mgonjwa anazidi kila akinywa dawa," akasema, "acha kumwangalia mgonjwa. Kaangalie dawa."

Nikapanda Mgeta na lori la kabichi linalorudi tupu. Lori tupu kwenye barabara ile ni adhabu ambayo sikutenda kosa lake. Kulikuwa na baridi ya kuvaa sweta mbili, nami nilikuwa na moja. Nililala kwa Mama Bibiana, na asubuhi na mapema tukaenda kwenye mabanda.

Vijana wangu, nimekagua machinjio, hoteli na jikoni za wakubwa. Sijaona usafi ule. Mabanda yalikuwa na sakafu za mbao zilizosuguliwa mpaka zikang'aa. Kila mbuzi alioshwa chuchu kwa maji ya vuguvugu na kitambaa chake mwenyewe, na mbuzi wale walikuwa na nyuso za watu waliochoka kudhalilishwa. Mimi mkaguzi nilinawishwa mikono mara tatu na bibi mmoja asiye na meno, na mara ya tatu alinifokea kuhusu kucha. Maziwa yakachujwa, chupa zikachemshwa, kila kitu sawasawa. Nikaanza kuogopa kwamba nimepanda mlima bure.

Halafu Mama Bibiana akazipanga zile chupa za sampuli mezani, kando, mbali na madumu. Akina mama wakasimama. Akasali, wakaitikia. Akafungua fundo la kanga yake, akachota kitu cheupe, akakitia kwenye kila chupa, akaifunga akaitikisa.

"Mama Bibiana," nikasema, "hiyo ni nini?"

"Chumvi ya baraka. Padre aliibariki yeye mwenyewe. Mtihani hauendewi hivihivi, mwanangu."

"Mmekuwa mkitia tangu mara ya kwanza?"

"Mara ya kwanza kidogo tu. Tulipofeli tukajua imani yetu haba, tukaongeza. Mara ya tatu nilitia kiganja kizima."

"Na kwenye maziwa ya kuuza?"

Akanitazama kama vile nimerukwa na akili. "Nani atanunua maziwa ya chumvi? Hii ni ya mtihani tu."

Nilikaa kwenye kigoda cha kukamulia. Sikujua nicheke au nilie, nikafanya vyote, mbuzi wakinitazama. Nikawaeleza. Zile chembe za dhahabu zinatawanyika kwa sababu kila moja inaisukuma nyingine, kama mawifi walionuniana. Chumvi inapoingia, inaondoa ule mnuno, na kwa kuwa Daktari alizivika kinga nyembamba, zinakumbatiana zote kwa mpigo. Maji yanakuwa buluu hata kama hamna kijidudu hata kimoja. Chumvi ya maziwa yenyewe tunaizimua kwa maji, lakini kiganja cha Mama Bibiana hakikuzimulika.

Bibi asiye na meno ndiye aliyeuliza, "Kwa hiyo baraka ndiyo imetufelisha?"

Mimi ni Mwislamu, na swali lile lilikuwa limekaa pabaya. Nikamjibu, "Hapana, bibi. Baraka haina kosa. Ni ile mashine yetu, haijui kutofautisha chumvi ya padre na chumvi ya dukani."

Walikwenda kumuuliza padre wao. Nilisikia alicheka mpaka akavua miwani, kisha akasema kuanzia sasa wabarikiwe mbuzi, chupa ziachwe. Wakabarikiwa. Lakini Mama Bibiana hakucheka na wenzake. Alibaki ameshika lile fundo la kanga.

"Wifi yangu," akasema.

Niliporudi, Daktari Maganga alinisikiliza bila kunikatiza. Akachukua chumvi ya chai ya mlinzi, maana mlinzi wetu alikunywa chai ya chumvi, akatupia punje chache kwenye dhahabu yake. Buluu. Akakaa chini. Nilimhurumia, kwa sababu alikuwa mtu mwema, na dhahabu ile ilikuwa kama mtoto wake. Kesho yake alipiga marufuku chumvi jengo zima. Tukala mchicha chapwa na maharage chapwa wiki nzima.

"Wanyamwezi hawa," Mzee Mrisho akalalamika juu ya sahani yake, "babu zao walituletea chumvi kutoka bara. Mjukuu kaja kuichukua."

Daktari aliongeza kinga, safari hii akazivika chembe zake vizuri, na akaweka sheria ambayo mpaka leo mnaifuata bila kujua ilikotoka. Dhahabu na sahani zisipokubaliana, hakuna mtu anayeambiwa lolote mpaka sababu ijulikane. Soko nalo lilijifunza lake. Habari ilipoenea, kila aliyefeli alidai ni chumvi. Muuza soseji, ambaye bidhaa yake ilioza hata kwa kuitazama, aliniapia kwamba kile ninachokiona ni baraka.

Siku ya mtihani wa mwisho Bwana Hemedi alikuja mwenyewe, kavaa kanzu, kakaa mbele ya redio kama anayesubiri taarifa ya habari. Mama Bibiana alisimama ukutani na akina mama wawili. Nikazimua maziwa, nikatia tone. Nyekundu. Nikakiweka kichupa kwenye kisanduku, nikafunga mapazia. Mshale ukatikisika kidogo, ukalala kushoto, ukatulia. Sahani za Mzee Mrisho, zilizooteshwa siku za nyuma kutoka kwenye mabanda yaleyale, zilikuwa safi vilevile.

"Mbona haijabadilika?" Mama Bibiana akanong'ona, uso umemshuka. Ilibidi nimkumbushe kwamba nyekundu ndiyo salama. Hata hapo alimtazama Bwana Hemedi kwanza, na Bwana Hemedi alipomwambia alete maziwa kuanzia Jumatatu, ndipo akaamini. Wenzake wakapiga vigelegele. Yeye hakupiga.

"Daktari," akasema, "mbuzi wangu wamepona. Nashukuru. Na Kolumba je? Nilimtoa mbele ya kanisa zima kwa neno la mashine yako. Nani atakwenda kumwambia?"

Daktari Maganga alikuwa na majibu ya kila swali. Kwa hili akavua koti lake jeupe akalitundika.

"Nitakwenda mimi," akasema.

Tulikwenda watatu, mimi, yeye na Mama Bibiana. Nyumba ya Kolumba ilikuwa chini ya njia, imezungukwa na miti ya plamu, na mabanda ya mbuzi nyuma. Tulipiga hodi mara mbili hatujibiwi. Mara ya tatu tukasikia karibuni, isiyo na ukaribisho wowote ndani yake. Alikuwa mama mwembamba, amekaa kibarazani anamenya njegere, kopo la ugoro pembeni.

"Shikamoo, mama," Daktari akasema.

"Marahaba."

"Tumekuja kuomba radhi. Tulikukosea. Mashine ilikosea, na mimi niliyeiamini nilikosea zaidi." Akaanza kueleza dhahabu, mwanga, chembe, chumvi. Kolumba aliendelea kumenya. Mama Bibiana alipiga magoti pale chini kwenye vumbi, akasema, "Wifi, nisamehe," sauti ikamkatika.

"Hayo ya dhahabu mimi siyajui," Kolumba akasema mwishowe. "Nilichosikia ni kwamba mikono yangu ni michafu."

Akainuka. Akaenda nyuma ya nyumba, tukasikia mbuzi wanalia. Akarudi na kikombe kikubwa cha bati, kimejaa maziwa yenye povu juu, ya moto moto. Akamnyooshea Daktari.

"Mikono ni ileile," akasema. "Kunyweni."

Lazima niwaambie jambo hapa. Daktari Maganga alikuwa mtu wa kusuuza kijiko kwa maji ya moto hata akiwa ukweni. Kila mfugaji aliyekanyaga maabara yetu alihubiriwa kwamba maziwa mabichi ya mbuzi yanaweza kuleta homa ya kumlaza mtu miezi, homa inayojificha kwenye mifupa na kurudi kila inapopenda. Mimi naye tuliijua homa ile kwa majina yake yote. Nilimwona anakitazama kikombe. Kisha akakipokea kwa mikono miwili, akafumba macho, akanywa nusu. Akanipa. Nikasema bismillahi nikanywa, huku namwomba Mungu aniangalizie watoto wangu. Mama Bibiana akamalizia, machozi yakidondokea ndani.

Kolumba alikipokea kikombe, akatazama kama tumemaliza. Akachota ugoro kidogo, akavuta, akapiga chafya.

"Niliyachemsha alfajiri, yakabaki mekoni," akasema. "Mlidhani mimi mchafu?"